Neno la Kusimamisha Rola

Jumamosi mchana, mvua imekatika

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Nakusalimu kwanza wewe, kisha shemeji, kisha kila anayekula kwenye sufuria yako. Kifua kinaendeleaje? Usinijibu kuwa hujambo kwa mazoea tu. Nataka habari ya kifua chenyewe, kinavyokohoa asubuhi na kinavyolala. Mimi nipo kwa kiasi cha mtu wa umri wangu, yaani goti la kushoto limeacha kazi bila kuaga, na jino moja la mbele limenifuata mkononi nikiwa natafuna kitu laini mpaka naona aibu kukitaja. Mengine yote yapo mahali pake.

Hati unayoiona si yangu, na unajua kwa nini. Kalamu mimi naijua kwa kufagia zilizodondoka. Anayeandika ni mjukuu wetu, yule binti wa kompyuta. Tumekaa kwenye meza ya jikoni, yeye na karatasi, mimi na kikombe. Nimemwapisha aandike kama ninavyosema, asininyooshe. Hata hivyo karatasi ya kwanza tumeichana, maana alinisomea alichoandika nikasikia eti nina furaha kubwa kukuarifu. Nikamwambia furaha hiyo kaitoa wapi. Amecheka, ameanza upya. Anacheka vizuri huyu mtoto, kama mama yetu, anaanzia mabegani.

Yeye ndiye aliyeomba tukuandikie, kwa sababu anataka maneno. Ngoja nikueleze maneno gani, maana mimi mwenyewe ilinichukua majuma mawili kuelewa, na nilielewa pale tu alipoacha kunieleza akanionyesha.

Mjukuu wetu anatengeneza lugha. Si ya kusemezana na watu, ni ya kuiamuru kompyuta ipige muziki. Mwanafunzi anaandika maagizo mstari kwa mstari, kama unavyomtuma mtu dukani, na kompyuta inayafuata: piga sauti hii, sasa ile, rudia mara nne, nyamaza kidogo, ingiza ngoma. Maagizo kama hayo huwa yanaandikwa kwa lugha ya watu wengine, na watoto wanayakariri bila kujua wanachokiamuru. Yeye na mwenzake wa kazini walitaka yawe ya Kiswahili, tena Kiswahili cha kueleweka, mtoto akiliona neno ajue papo hapo litafanya nini. Huyo mwenzake ni kijana mwembamba wa miwani, anatembea na kamusi tatu kwenye mkoba. Nimempa jina la Bwana Istilahi, na analiitikia.

Ofisi yao ni chumba kimoja juu ya duka la rangi. Harufu ya pale inapasua kichwa, kwa hiyo wakahamia hapa jikoni kwangu na nyaya zao. Siku ya kwanza nilikuwa nachambua maharage, nawasikia wanabishana. Bwana Istilahi alikuwa na orodha ndefu. Kurudia alikuita kitanzi. Nikamwuliza kama huo muziki ni wa kujinyongea. Akanijibu kwa adabu kuwa kitanzi ni istilahi iliyokwisha kukubalika. Nikamwuliza imekubalika na nani, maana mimi sikuitwa kwenye kikao. Sauti kuwa nyembamba au nene alikuita masafa. Nikamwambia masafa ni ya mwenye safari, sauti ina kimo, kama mtu. Kile kipande cha wimbo unachokipa jina ili ukiite tena baadaye alikuwa na neno lake refu kama treni, nikamwuliza ubeti umemkosea nini. Hapo mjukuu wetu akaacha kuchapa, akanigeukia, akataka kujua nimeyatoa wapi yote hayo.

Wewe unajua nilikoyatoa. Lakini huyu anayeandika hakuwapo, kwa hiyo nivumilie nimweleze na yeye humuhumu. Nimeyatoa kwenye nyumba ya kufulia, mwanangu, ile niliyofanyia kazi na bibi yako mdogo tukiwa wasichana, tunapiga pasi mashuka ya hoteli kwenye rola kubwa la chuma lenye mvuke. Wawili wanalisha shuka upande huu, wawili wanalipokea upande ule, na wote lazima waende kwa pigo moja, la sivyo shuka linaingia upande. Pigo tulilipata kwa kuimba. Mwimbishaji ndiye aliyekuwa anawaona wote, na maneno yake yalikuwa ndiyo sheria. Akisema tandaza, kazi inaanza. Akisema zungusha, tunarudia ubeti uleule mpaka atakapobadilisha. Akisema pumua, mikono inasimama kwa pumzi moja, shuka linanyooshwa, tunaendelea. Itikia, pokea, pamoja. Mwimbishaji nilikuwa mimi.

Basi waliyachukua. Bwana Istilahi alinuna siku mbili, siku ya tatu akamkalisha jirani yetu muuguzi mbele ya kompyuta, mtu ambaye simu yake yenyewe anaifokea. Muuguzi akasoma maneno, akaandika, na kabla chai haijapoa kompyuta ikampigia wimbo wenye ngoma, kiitikio na mahali pa kupumua. Akanikumbatia mimi kana kwamba nimemzalia mtoto. Bwana Istilahi akavua miwani, akasema kamusi zake zinaomba radhi. Mdogo wangu, nilivimba. Nilitembea humu ndani kama jogoo. Mtu ambaye hajakaa darasani hata siku moja, maneno yake yanakwenda kuandikwa ubaoni shuleni.

Likabaki neno la mwisho, la kusimamisha.

Nikawapa malizia. Kwenye rola ukisema malizia, wimbo unakwenda mpaka mwisho wa ubeti, shuka linatoka zima, ndipo mashine inasimama. Wakalipenda. Kisha Bwana Istilahi akasema hilo ni zuri ila halitoshi. Alisema sauti ya umeme si kama sauti ya koo. Inaweza kwenda kombo ghafla, ikapanda mpaka ikaumiza, kwa hiyo lazima kuwe na neno la pili la kunyamazisha palepale bila kungoja ubeti uishe. Mjukuu wetu akanigeukia akaniuliza kama kwenye rola tulikuwa nalo la namna hiyo.

Nikasema hatukuwa nalo.

Nikaongeza na maneno ya hekima juu yake. Nilisema neno moja kwa kazi moja, wasiwachanganye watoto kwa kusimama kwa aina mbili, na kwamba wimbo usiomaliziwa ni kama mtu aliyeondoka bila kuaga. Bwana Istilahi alibisha sana. Alileta neno lake, sitisha, mimi nikalicheka, nikasema hilo ni la mahakamani. Mjukuu wetu akakata shauri kuwa bibi akisema moja ni moja, maana mpaka hapo bibi hakuwa amekosea. Wakaandika malizia peke yake.

Juma lililopita walikwenda kuionyesha shuleni. Na mimi nilichukuliwa, nikavaa vile viatu vinavyobana, nikawekwa kiti cha mbele. Ukumbi mkubwa, walimu wametoka shule nyingine pia, na walikuwa ndio wa kuamua kama lugha hii itaingia madarasani mwao au haitaingia. Kazi ya miaka mitatu ya mjukuu wetu ilikuwa mezani pale. Spika mbili, kila moja saizi ya kabati. Wanafunzi wakaja mmoja mmoja wakaandika nyimbo zao, mambo yakawa matamu, mwalimu mkuu akawa anagonga goti kwa kalamu. Kisha akaja msichana mmoja, naye badala ya kuzungusha mara nne akaweka mara mia nne, na kila mzunguko kimo kinapanda na nguvu inaongezeka. Kosa la kidole tu. Sauti ikaanza kama filimbi, ikawa kama msumeno, ikawa kitu nisichokuwa na jina lake. Msichana akaandika malizia. Kompyuta ikatii, ikaendelea kumalizia ubeti wake, na ubeti ulikuwa bado mrefu, maana mizunguko yote mia nne ilikuwa ndani yake. Akaandika tena malizia, na tena. Watoto wa mstari wa mbele wamekunja vichwa magotini, wawili wanalia, mmoja katapika. Bwana Istilahi akaruka viti, akang'oa waya ukutani.

Mwalimu mkuu hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema taratibu tu kuwa chombo kisichojua kunyamaza hawezi kukiingiza kwenye chumba chenye watoto arobaini. Walimu wengine wakakusanya mikoba yao.

Nyumbani mjukuu wetu alikaa hapahapa anapoandikia sasa. Bwana Istilahi hakumsimanga hata kwa neno moja, alikunja nyaya zake akaaga. Nikamwekea mjukuu wangu chai, hakuinywa. Ndipo akanishika mkono akaniomba msamaha. Mimi. Alisema mimi nilimpa maneno safi ya watu wenye kazi yao, na yeye kwa uzembe wake ameyaaibisha mbele ya watu, kwamba kosa si la malizia, kosa ni lake yeye aliyeshindwa kufikiri. Jana akaja na wazo la barua hii. Amesema pengine bibi mdogo anakumbuka maneno mengine ya rola ambayo mimi nimeyasahau, kwa kuwa tulikuwa wote, basi tukuulize.

Sasa sikiliza. Na wewe unayeandika, andika.

Sikusahau. Neno la pili lilikuwapo. Lilikuwa kata. Mwimbishaji akisema kata, rola linasimama palepale, hata shuka liungue, hata liwe la nani. Tulifundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo.

Kalamu imesimama. Nimemwambia aendelee.

Unakumbuka tulivyokaa, au hukumbuki, maana baada ya homa ile ya siku tisa ulisema hata asubuhi ya siku yenyewe imefutika kichwani mwako. Wewe ulikuwa unalisha upande wa kulia. Kwenye ule mkono wa chuma wa kusimamisha mashine alikuwa Mama Wenzo. Tulimwita hivyo kwa ajili ya kazi yake, maana mkono huo ndio wenzo. Wenzo ulikuwa ukutani karibu na saa ya kupimia mvuke, kwa hiyo yeye alifanya kazi ameligeuzia rola mgongo, anatazama mvuke, na macho yake ya nyuma yalikuwa mdomo wangu. Nikisema malizia, anangoja ubeti uishe ndipo anavuta. Nikisema kata, anavuta.

Siku hiyo walikuja wageni wa mwenye hoteli kutuona. Walikuwa wamesikia kuna wanawake wanaopiga pasi kwa kuimba. Walisimama karibu na mlango, wamefumba midomo, mmoja ameshika kofia kifuani kama yuko kwenye ibada, na aliyekuwa anatazamwa ni mimi. Tulikuwa kwenye ubeti wa mwisho, ule ninaoupandisha halafu nauachia. Nikaona mkono wa gauni lako umenaswa na ukingo wa shuka. Nimeuona, mdogo wangu. Sikuwa natazama kwingine. Nikajiambia kitambaa kitachanika chenyewe, ubeti wenyewe umebaki pumzi moja, na hawa watu hawajasikia mwisho.

Nikasema malizia.

Mama Wenzo alifanya alichoambiwa. Alimalizia ubeti, tena akiwa anaitikia, sauti yake naisikia mpaka leo. Aliposikia kelele yako ndipo alivuta, hakungoja neno langu, na lau angelingoja ungepoteza mkono mzima badala ya vidole vitatu.

Nyapara alipouliza nilisema nimetamka kata na Mama Wenzo akazubaa. Yeye alisema ameambiwa malizia. Mwenzako wa kulisha na wale wawili wa kupokea walisema kelele za mvuke zilikuwa nyingi na hawana hakika, na wageni hawakuulizwa. Basi nani wa kumwamini? Dada gani angemwambia mdogo wake malizia? Akafukuzwa jioni ileile, na jina la mzembe likamfuata kila alikobisha hodi. Alikuja hospitali kukuona, ukageukia ukutani. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani pako, namenya chungwa, nikaendelea kulimenya.

Umemchukia miaka arobaini na mitatu, na chuki hiyo nimeilisha mimi. Kila ulipotaka kuilegeza niliikaza. Amefungua kibanda cha nyuzi na vifungo kwenye kona ya mtaa wako, na wewe unazungukia kiwanda cha mbao usipite mbele yake, juani, na kifua hicho. Mara mbili uliniandikia kwamba amezeeka na ulikuwa karibu kumwonea huruma. Mara mbili nilikujibu kuwa huruma ina mahali pake.

Na wewe ndiye uliyekuwa unanisuka. Unajua mistari ya kichwa changu kuliko ninavyoijua mwenyewe. Tangu vidole vile viende nimesukwa na watu wengi, na kila anayekaa nyuma yangu akigawa nywele katikati huwa nafumba macho. Watu wanadhani nasikia usingizi.

Nisikudanganye kuwa nakwambia haya kwa uungwana tu. Mjukuu wetu angekuuliza maneno ya rola, nawe ungemjibu kata, neno la kwanza kabisa, maana wa zamu yako wote wanalijua. Ningeumbuka. Lakini pia niseme ukweli wa upande wa pili. Aliponishika mkono kuniomba msamaha nilimwona Mama Wenzo. Niliona mwanamke wa pili anabeba kosa langu mgongoni na kunishukuru kwa mzigo. Mtoto huyu ana miaka ishirini na sita. Nami sina tena miaka mingine arobaini na mitatu ya kukaa kimya wakati yeye anajiita mzembe.

Amesimama, amekwenda dirishani. Nimengoja. Amerudi, ameandika huo mstari wa juu, wa kujiita mzembe, kwa herufi kubwa kuliko zote za mwanzo, utaona. Ameniuliza swali moja tu, kama neno kata lilitamkwa kwa kuvutwa au kwa kukatwa fupi. Nimemwambia fupi, kama unavyofunga kinywa. Ameniomba nilitamke, na mdomo wangu ukalikataa mara mbili, mara ya tatu likatoka, dogo, la kizee. Amesema kesho kutwa watakwenda kwa mwalimu mkuu yeye na Bwana Istilahi, na neno likiwa limekwisha kuingizwa, na kama hawatapokelewa basi hawatapokelewa. Nimesema nitakwenda nao nimweleze mwalimu mwenyewe ni kwa nini halikuwamo. Hilo pia ameliandika. Bwana Istilahi nitamwomba radhi mimi, kwa jina lake alilopewa na wazazi wake. Ila tangu aya ile ya wenzo, huyu mtoto hajaniita bibi. Anasema "endelea", basi, na mimi naendelea.

Sikuombi unisamehe kwenye barua. Msamaha wa karatasi nisingeweza hata kuusoma. Ukitaka kunitukana, nitukane, atanisomea neno kwa neno, naye nimemwapisha kwa hilo pia. Ukinyamaza nitajua.

Nisalimie shemeji, mwambie mguu wake aupumzishe kweli si kwa kutaja tu. Nisalimie wanao wote na wake zao na waume zao, na yule mdogo anayeogopa kuku. Nisalimie majirani wanaonikumbuka. Mama Wenzo usimpe salamu zangu. Za kwake sizitumi kwa mtu. Nimeagiza tiketi ya basi la Alhamisi. Nitashuka kwenye kona yake kabla sijafika kwako, na goti hili, nitasimama mbele ya kibanda chake palipo na watu, niseme kwa sauti niliyokuwa naimbishia ni nani aliyesema malizia. Baada ya hapo nitakuja mlangoni pako. Ukifungua nitaingia. Usipofungua nitakaa kibarazani mpaka basi la kurudi, wala sitabisha hodi mara ya pili.

Ni mimi dada yako,
niliyekuwa naimbisha.